Mzee wa Vifaru na Brashi Yake

Wapendwa, kulikuwa na mwanajeshi mmoja mstaafu ambaye kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuunda vifaru na malori ya jeshi. Msishtuke! Vilitosha kiganjani: vya plastiki, vya kuunganisha kwa gundi, magurudumu madogo kama punje za choroko. Siku hizo alikuwa akiunda lori aliloliendesha vitani pamoja na rafiki yake, marehemu sasa. Alitaka kumpelekea mjane wa huyo rafiki.

Mke wa mzee alimchunga. Gundi ilinuka mpaka kichwa kinauma, akafungua madirisha yote. Akamnunulia barakoa nzito ya mafundi rangi. Hata msasa aliulowesha kwanza, vumbi la plastiki lisiruke.

Lakini mzee akazidi kudhoofu. Tumbo likamsokota, mkono ukaanza kutetemeka.

"Mzee, hizi ni dalili za sumu ya rangi. Unajikinga?" daktari akauliza.

"Barakoa navaa, dirisha liko wazi. Muulize huyu."

Mke akaapa ni kweli. Daktari akakuna kichwa.

Yule mama akarudi na swali moyoni. Sasa sumu inapita wapi? Kesho yake akavuta kigoda, akajifanya anachagua mchele, macho kwa mumewe. Dirisha wazi. Barakoa imekaa sawasawa. Mzee akachovya brashi nyembamba ili aandike namba ya lori. Kisha mnajua alifanya nini? Akashusha barakoa kidevuni, akailamba ile brashi ichongoke, akapandisha barakoa. Akaandika namba moja. Akashusha tena.

"We mzee! Unakula rangi?"

"Nani anakula? Nachonga brashi."

"Kwa ulimi?"

"Miaka yote. Nisipolamba, mstari unakuwa mnene kama mkia wa ng'ombe."

"Na barakoa?"

"Aa, barakoa ni ya pua, mama."

Ungekuwa wewe, si ungeita majirani? Yeye hakugomba. Akaenda jikoni, akakata kipande cha sponji, akakilowesha, akakiweka kwenye kisosi karibu na mkono wa mumewe. "Chongea hapa." Mzee akajaribu. Brashi ikachongoka kama sindano. Baada ya miezi mitatu mkono ulitulia, na lori akalipeleka mwenyewe kwa yule mjane, kwa miguu yake.

Na sisi? Tunafunga, tunasali, pombe hatugusi. Barakoa tumevaa. Lakini tukitoka hapa tunaishusha kidogo tu, tunaonja jina la mtu kwa umbea, tunaipandisha. Kulamba mara moja hakuui, tunasema. Halafu tunashangaa: mbona roho zetu zinadhoofu na ibada hatukosi?

Ukimwona mwenzako analamba, usimpigie kelele. Mpelekee kisosi.

Ila nawaona mnatupiana macho, kila mtu ameshamkumbuka jirani yake. Ngojeni kwanza. Hebu kila mmoja ajiguse kidevu. Barakoa yako iko wapi?