Hodi ya Mama Ngailo

"Ukifungua mlango, itika hodi." Festo, umeambiwa maneno hayo asubuhi ya leo, ukanuna, na sasa umemvuta na Gaudensia mje mniulize yametoka wapi. Mmefanya vizuri kuja kwangu, maana bosi wenu Twilumba mwenyewe hawezi kuwasimulia. Ataona haya. Sogezeni stuli karibu na jiko, baridi hii haina adabu. Gaudensia, endelea na sindano zako, kusikiliza hakuhitaji vidole.

Mnaidhani ni methali ya wazee wa kale. Wazee gani? Haina hata miaka kumi. Ilizaliwa ndani ya chumba hiki, mimi nimekaa hapa hapa nashona vifungo, na ilianza hivi.

Mashine ile ya kufumia mnayoiona pale dirishani ilikuwa ya mama yake Twilumba. Mama yule alilima pareto kule Makete misimu mingi, mgongo ukapinda, mpaka akaipata. Akaja nayo hapa Njombe, akafuma masweta ya shule, na watoto wengi wa mji huu wamekua ndani ya kazi ya mikono yake. Alipofariki, mashine ikabaki kwa binti yake. Mkono wa mama ulikuwa mzuri. Wa binti ulikuwa mzuri zaidi, na hilo nililisema mama akiwa hai, akakubali.

Lakini mitumba ikajaa mjini. Shule nazo zikaanza kuletewa masweta ya kiwandani, mepesi kama karatasi, ila ya bei rahisi. Mlango wetu ukapoa. Twilumba hakukaa akalia. Alifungua ukurasa mtandaoni, akauita Masweta ya Twilumba, akaanza kuweka picha.

Tena picha za kweli. Alikuwa anatoka na ukungu wa asubuhi, anatundika sweta kwenye uzio, nyuma yake msitu wa mipaina, anapiga. Hata mimi niliyelishonea lile sweta vifungo nililitamani. Watu wa mbali wakawa wanaweka mioyo. Kila saa ananiletea simu. "Bibi, tazama, leo tumependwa na watu wa Arusha."

"Wamenunua?"

"Watanunua."

Hakununua mtu. Na sababu ilikuwa pale pale chini ya picha, imeandikwa, ila hatukuiona. Watu walikuwa wanauliza. Bei gani? Mnatuma mpaka Mbulu? Kuna la mtoto mchanga? Twilumba akiulizwa bei anajibu neno moja, "Inboksi," yaani mtu amwandikie faraghani. Akiulizwa jambo lingine lolote anaweka moyo juu ya swali, anaendelea na picha zake. Moyo mmoja, swali limekwisha.

Msimwone mjinga. Hiyo inboksi aliirithi. Mama yake akiwa sokoni alikuwa hatamki bei kwa sauti. Alimvuta mteja pembeni, akamnong'oneza sikioni, ili Mahenge wa kibanda cha jirani, ambaye naye anafuma, asije akasikia na kushusha ya kwake. Ndivyo walivyofanya biashara wengi wa rika lake. Na sokoni ilifaa, kwa sababu mteja ameshafika, sikio lake liko hapo. Sasa Twilumba akahamisha mnong'ono ule mtandaoni, kwa mtu aliye Lushoto. Yule wa Lushoto akimfuata inboksi, anamkosa. Mwenyewe yuko kwenye uzio anatundika sweta jingine.

Siku moja nilimwuliza, "Hawa wote wanaouliza, huwajibu?"

Akasema, "Bibi, anayeuliza sana hanunui. Mnunuzi wa kweli atakuja mwenyewe."

Nikanyamaza. Mambo ya simu mimi nilikuwa siyajui, na mtu asiyejua jambo kunyamaza kunampendeza.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka nyuzi zikabaki kapu moja. Twilumba akakata shauri. Mashine iuzwe, yeye arudi Makete akalime viazi. Akapatikana mnunuzi, Bwana Mwakyoma wa Mbeya, akasema atakuja Jumamosi na gari kuichukua. Viazi ni kazi ya heshima, sivitukani, nimelelewa navyo. Lakini vidole vile vilikuwa vya kufuma, na sote tulijua. Wiki ile alikuwa anaipangusa mashine kila asubuhi, anaitia mafuta, kama mtu anayemwogesha mtoto wa kumpeleka kulelewa kwingine. Mimi nilikuwa nageuza uso ukutani.

Alhamisi ikanyesha mvua kubwa. Tukiwa humu ndani tukasikia, "Hodi."

Hata ile ya pili haijatoka, Twilumba ameshafika mlangoni. "Karibu mama, karibu ndani, mvua hiyo. Pita ukae karibu na moto."

Akaingia mama mmoja mnene wa umri wangu, amebeba mfuko wa salfeti uliofungwa mdomo kwa kamba. Tukasalimiana. Kamwene, kamwene. Akasema anaitwa Mama Ngailo, ni mlezi wa watoto katika chekechea ya bweni huko milimani, amekuja mjini kwa shughuli na mvua imemkamata njiani. Twilumba akampa kiti chake mwenyewe, akampa chai, akamtandazia kitenge mabegani. Hakujua kama mama yule ananunua au hanunui. Hapo ndipo mumjue Twilumba. Mtu akifika mlangoni kwake, anapokewa.

Mama Ngailo akashika sweta lililokuwa mezani. Akalivuta. Akaligeuza ndani nje. Akalipeleka shingoni kwake, akalisugua hapa, chini ya sikio, halafu akafumba macho kidogo.

"Mbona haliwashi?" akasema.

"Shingo na vikono nafuma kwa uzi wa pamba," Twilumba akamwambia. "Mama ndivyo alivyonifundisha. Ngozi ya mtoto haivumilii sufu."

Mama Ngailo akainua macho, akaona lile bango ukutani lenye jina. Akaweka kikombe chini.

"Masweta ya Twilumba. Yale ya kwenye simu, ya kwenye uzio?"

"Ndiyo hayo, mama. Umeyaona?"

"Nimeyaona. Na nimekuuliza. Nilikuuliza, masweta yenu yanawasha shingoni? Watoto wangu wakivaa ya kuwasha wanajikuna mpaka wanatoka damu. Ukaniwekea moyo." Alisema polepole, bila kugomba, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nikauliza tena. Ukaweka moyo mwingine. Nikauliza mara ya tatu. Mwanangu, moyo ule unavaliwa?"



"Leo nimepiga hodi mara moja, umenipa kiti chako," Mama Ngailo akaendelea. "Kule nimepiga hodi mara tatu, umeniacha nje. Na mlango wenyewe umeufungua wewe, hakuna aliyekulazimisha. Sasa nieleze, mimi wa kule na mimi wa hapa ni watu wawili?"

"Hapana, mama."

Mnajua nyinyi, kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Kukiwa kimya anakwenda zake, na anayelaumiwa ni mwenye nyumba kama alikuwamo. Twilumba alikuwamo. Nilimwona anavyolielewa jambo hilo, limempanda usoni kidogo kidogo.

Akaangalia ule mfuko wa salfeti. "Mama, humo mna nini?"

Mama Ngailo akaufungua. Masweta. Ya chekechea nzima, mapya, ameyanunua asubuhi ile ile kwa mtu mwingine hapa hapa mjini. Twilumba akalishika moja, akalisugua shingoni.

"Linawasha," akasema.

"Linawasha kidogo," Mama Ngailo akakubali. "Lakini aliyeniuzia aliitika. Nilimwuliza, akaniambia kweli, yanawasha kidogo, wavalishe fulana ndani. Nikajua naongea na mtu." Mvua ilikuwa imepungua. Akafunga mfuko wake, akasimama, akamshika Twilumba bega. "Kazi yako ni nzuri kuliko hii niliyobeba, nakwambia ukweli. Lakini mwanangu, ukifungua mlango, itika hodi."

Akatoka. Mle ndani ya mfuko wake mlikuwa na kazi ambayo ingetosha kuibakiza mashine hii kwetu, na tuliitazama inashuka mteremko ule wa sokoni mpaka ikapotea.

Nilidhani Twilumba atalia, na kweli alilia. Si sana. Kisha akafuta uso, akachukua simu, akaja kukaa karibu nami. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapompendea binti yule mpaka leo. Mtu mwingine angesema basi, yaliyopita yamepita, nianze upya na picha inayofuata. Twilumba alirudi chini kabisa, kwenye picha yake ya kwanza, kwa mtu wa kwanza aliyeuliza. Akaandika: "Samahani kwa kukuacha mlangoni. Bei ni hii." Akaitaja wazi, mbele ya macho ya watu wote, Mahenge akiwamo. Akapanda kwa wa pili. Kisha wa tatu.

Aliyeuliza la kahawia akaambiwa kahawia limekwisha, la kijani lipo. Aliyeuliza linafuliwaje, Twilumba alitia maji kwenye beseni, akalifua sweta huku anaeleza, mimi nikashikishwa simu nimpige video. Kidole changu kimo mpaka leo, kimeziba pembe yote ya juu. Mmoja alitaka kofia za kuziba masikio. Sisi hatufumi zile. Twilumba akamwandikia: "Mimi sifumi kofia hizo, anafuma Mahenge wa jirani, namba yake hii." Kesho yake Mahenge alikuja akasimama pale mlangoni, hajui ashukuru au agombe. Akaishia kutusalimia.

Na swali la Mama Ngailo? Hilo alilijibu kwa shingo yake. Alivaa sweta, akaonyesha ule uzi wa pamba kwa karibu, akageuka huku na huku, akasema, "Mama Ngailo, uliniuliza mara tatu. Hayawashi. Nimechelewa kuitika, nisamehe."

Watu wakashangaa, jamani. Wengine walikuwa wameshasahau kwamba waliwahi kuuliza. Baba mmoja wa Mbulu aliandika: "Dada, nilipokuuliza mtoto alikuwa mchanga. Sasa anakimbiza kuku. Nitumie la saizi ya kukimbiza kuku." Twilumba alicheka mpaka akashika mbavu, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mvua za mwaka uliotangulia. Mwingine akasema ameshanunua kwingine, lakini dada yake anahitaji. Wengi hawakujibu kitu. Waliokwenda walikuwa wamekwenda, na Twilumba hakuwalaumu.

Ijumaa jioni Mama Ngailo mwenyewe akaandika chini ya ile video ya shingo. Aliandika maneno machache. "Huyu nimeingia kwake, nimeyashika. Hayawashi kweli. Na ameitika." Walezi wenzake wakayaona. Akina mama wa Mafinga wakayaona, na wa Lushoto, huko kote kwenye baridi. Wakaanza kuuliza, na kila aliyeuliza akajibiwa, na yule wa nyuma yake alisoma jibu la mwenzake akaagiza bila hata kuuliza. Kumbe jibu moja linahudumia watu wengi! Lile la kunong'ona lilikuwa linamhudumia mmoja.

Jumamosi Bwana Mwakyoma akafika na gari lake. Akasikia mashine inanguruma toka nje. Akapiga hodi.

"Karibu baba," Twilumba akaitika bila kusimamisha mkono. "Ingia upate chai. Mashine haiuzwi tena. Naomba unisamehe kwa safari."

Alikunywa chai ile kwa hasira, Bwana Mwakyoma, vikombe viwili. Tulimwacha akasirike, ilikuwa haki yake. Halafu akaona sweta la rangi ya maziwa, akauliza bei. Twilumba akamtajia kwa sauti. Akaondoka nalo kwa mkewe, maana Mbeya nako hakuna jua la kujivunia.

Tangu siku hiyo maneno ya Mama Ngailo yakawa yetu. Mahenge akayachukua, akina mama wa viazi wakayachukua, na sasa hata watu wasiomjua Mama Ngailo wanayasema sokoni. Yeye mwenyewe kila mwaka anakuja kuchukua masweta ya watoto wake, na kila akifika anapiga hodi kwa sauti kubwa makusudi, kumtania Twilumba. Twilumba huwa anatoka mbio kila mara.

Kwa hiyo Festo, leo asubuhi uliposhika simu ya kazi, mtu akauliza kama tunafuma la mapacha, nawe ukamwekea moyo, usishangae bosi wako kukukatiza kwa maneno hayo. Hakukuonea. Yeye moyo wa namna ile aliwahi kumpa mtu, na nusura mashine hii iende Mbeya.

Haya, nimemaliza, na chai yangu imepoa kwa ajili yenu. Lakini hiyo simu ya kazi iliyoko mfukoni mwako, Festo, imelia mara mbili nikiwa naongea, na wewe umejifanya huisikii kwa heshima yangu. Heshima yangu ipo, haitapotea. Usingoje ya tatu. Ukifungua mlango, itika hodi.