Mitaro ya Ngiri

Paukwa! Semeni pakawa, na anayesinzia aseme mara mbili.

Hapo kale palikuwa na kinamasi kikubwa. Udongo wake ulikuwa majani yaliyooza miaka na miaka, mweusi, umeshiba maji kama godoro la kikojozi. Kiangazi kikija, wanyama wote walikunywa hapo.

Mkuu wa kinamasi alikuwa Ngiri, mwenye meno marefu na akili fupi. Siku moja akasema, "Nitapanda mikaratusi, niuze mbao."

Akapanda, miche ikaoza kwa maji. Basi akachimba mtaro, maji yakapungua. Akachimba wa pili, yakapungua tena. Akachimba wa tatu, udongo ukakauka, miti ikastawi.

Bi Chura akamwambia, "Mzee, maji unayoyafukuza ndiyo ya kiangazi."

Ngiri akamjibu, "Wewe mwili mzima ni mdomo. Nani amekuuliza?"

Miti ikakomaa, akaikata yote, akauza. Kiangazi kikaingia, kinamasi kikawa kikavu. Mtoto wa Paa akafa kwa kiu.

Wanyama wakamwendea Ngiri. Akasema, "Miti ndiyo iliyokunywa maji. Sasa haipo, yatarudi." Wakangoja. Hayakurudi.

Akasema, "Basi ni visiki." Wakang'oa visiki mpaka viuno vikawauma. Hayakurudi.

Akasema, "Basi tuombe mvua." Mvua ikanyesha siku tatu, ikateremka mitaroni, ikaenda kumfurikia Kiboko bondeni. Siku ya nne kinamasi kikavu vilevile.

Bi Chura akasema, "Miti imekwenda, lakini mitaro haina habari. Ilichimbwa itoe maji, na bado inatoa."

Wote wakamgeukia Ngiri. Mama Paa akamkazia macho.

Ngiri akaona haya. Akapiga magoti, akaanza kusukuma tope na visiki mitaroni kwa pua. Akafukia misimu mitatu, makalio juu, wapita njia wakimcheka. Maji yakarudi kidogo kidogo, ila udongo uliodidimia ulipokauka haukuinuka tena.

Magoti yake yakaota sugu. Ndiyo maana hadi leo ngiri hula amepiga magoti.

Funzo ni hili: ukiacha kuharibu, hujatengeneza bado. Ulichokichimba, kifukie mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu mpelekeeni Ngiri.