Bawabu wa Hodi Tatu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mlango.
Basi tulieni, tuone nani ataitikia.

Aliondokea mtu akiitwa Mbwarahaji, mpole wa tabia, lakini mdadisi wa kupindukia. Ukifunika chungu, hana raha mpaka ajue kimepikwa nini. Kazi hakuwa nayo. Baba mkwe wake, Bwana Shekue, alimpa siku saba: "Zikitimia huna kazi, binti yangu Mwanakombo narudi naye kwetu."

Siku ya saba mbiu ikapigwa: mfalme anatafuta bawabu, wenye nia waende wakasailiwe.

Wakaenda watatu. Wa kwanza alivaa kanzu iliyofukizwa udi. Wa pili alikuwa hodari wa maneno, njia nzima akijibu maswali ambayo hajaulizwa. Wa tatu Mbwarahaji, na kofia ya kuazima iliyomshuka hadi masikioni.

Mlango wa mfalme wakaukuta wazi, viatu kizingitini, kahawa ikinukia ndani.

Wa kwanza akabisha hodi tatu. Kimya. Akasema, "Mlango ulio wazi umekwisha kujibu." Akaingia.

Wa pili akabisha hodi tatu. Kimya. Akasema, "Chelewachelewa utamkuta mwana si wako." Akaingia.

Akabaki Mbwarahaji. Enyi mlioketi, ninyi mngefanyaje?

"Hodi!" Kimya. Ndani mtu akakohoa. Ni nani huyo?

"Hodi!" Kimya. Kikombe kikagonga kisahani. Mbona hawaitiki?

"Hodi!" Kimya. Shingo ikamrefuka kama ya korongo. Mguu ukanyanyuka, ukaning'inia juu ya kizingiti, ukarudi chini. Akawaza: nikiondoka, ninaondokewa na mke. Nafsi ikamjibu: hodi ya tatu isiyoitikiwa nayo ni jibu. Akageuka, machozi yakimlenga.

Hajaufikia mwisho wa ukuta, akasikia miguu mitupu ikimkimbilia. Kutazama, ni mfalme mwenyewe, bakora mkononi.

"Wewe! Kikohozi changu hukukisikia?"

"Nimekisikia, Maulana."

"Na hukutamani kuchungulia?"

"Nimetamani hata shingo inaniuma."

"Basi waenda wapi?"

"Kwangu, Maulana. Mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza."

Mfalme akacheka hata akashika mbavu. "Wenzako wawili wamo ndani, wanamweleza waziri jinsi watakavyowazuia watu wasiingie bila ruhusa! Bawabu nimempata. Shika bakora hii, turudi."

Walipofika, Mbwarahaji akatangulia, akailaza bakora kati ya miimo ya mlango.

"Bisha hodi, Maulana."

"Nyumbani kwangu?"

"Ndani mna watu, nami nimekwisha kuajiriwa."

Mfalme akabisha. Kimya. Akabisha. Kimya. Akabisha mara ya tatu. Kimya! Ndipo alipojipiga kofi la paji la uso: "Lo! Nimemwamuru waziri asiitikie hodi ya mtu yeyote mpaka adhuhuri!"

Wakaketi barazani wote wawili, jua likiwapanda. Mara akatokea Bwana Shekue, ambaye habari za usaili zilikuwa zimemfikia.

"Siku saba zimetimia, mkwe wangu. Kazi umepata, au nikamfungishe binti yangu mizigo?"

Mbwarahaji hajafumbua kinywa, mfalme akajibu, akijipepea kwa ncha ya kilemba:

"Ameipata, mzee. Hata mimi amenizuia."

Hapa ndipo ngano yangu ilipobisha. Mkiitikia, ni yenu. Mkinyamaza, ninarudi nayo kwangu.