Jini Aliyetaka Kujua kwa Nini Msabaha Hutunga

Katika enzi ya Sultani Darweshi bin Faraji, aliyeumiliki mji wa Kandarini na visiwa vyake, na aliyependa hekaya hadi akasahau chakula mbele yake, aliishi mtungaji mmoja jina lake Msabaha bin Khitami, mtu wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na safari nyingi miguuni, na mwenyewe alijiita mwongo wa Sultani. Na desturi ya mji ule ilikuwa hekaya haiendi kwa Sultani mpaka mnakili aisome kwa sauti mbele ya mtungaji. Na mnakili wake alikuwa Bi Zamzam binti Shali, mjane mwenye hati nzuri na ulimi mkali.

Sasa, Msabaha alikuwa na mazoea ya kubuni majina ya majini kwa kuunga sauti za kutisha tu, na alasiri moja, kwa nuksi yake, akapatia jina la jini wa kweli. Bi Zamzam alipotamka "Kaftuli bin Barkashi", ukuta ukapasuka kama ganda la yai, na chumba kikajaa jini wa rangi ya shaba, ndevu zake moshi na pumzi yake tufani.

"Nani kanitaja?"

Msabaha akamwonyesha Bi Zamzam.

"Huna haya!" Bi Zamzam akamaka. "Mimi nimesoma tu, jina katunga yeye!"

Jini akamwinamia Msabaha, akanena, "Ewe bin Adamu, ahadi yetu tangu zama za Nabii Suleimani ni kwamba atuitaye hutujibu swali kwa kweli, na kila akidanganya twamnyang'anya sehemu ya kile alichotuitia. Wewe umeniita kwa hekaya. Basi niambie, wazitungia nini?"

Msabaha akajikohoza. "Ewe bwana wa majini, natunga ili niwafunze watu adili."

Pale pale herufi zikainuka kutoka karatasini kama kumbikumbi baada ya mvua, zikatoka dirishani, na hekaya kumi zikamfutika kichwani asikumbuke hata shujaa mmoja.

"Natunga kumtukuza Sultani wetu!"

Zikaruka nyingine, kundi kubwa zaidi, hata jua likatiwa kivuli.

"Sema kweli, mwanamume wewe!" Bi Zamzam akalia, akikumbatia karatasi zilizobaki. "Miaka yangu yote ya kunakili inaruka!"

Msabaha akaketi chini, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ujanani nilivuka mlima Kafu, nikaona bonde ambalo mwezi hushuka kunywa maji. Ulikuja karibu, nikausikia ukimeza. Nikageuka nimguse mwenzangu kiwiko nimwambie, umeona? Sikuwa na mwenzangu. Alikuwapo nyumbu, naye alikuwa akila. Wallahi, sijapata kuwa mpweke kama siku ile. Tangu hapo, kila nitungapo, namtafuta mtu wa kumgusa kiwiko."

Moshi wa ndevu za jini ukatulia.

"Mimi," akasema hatimaye, "nilikuwapo nyota zilipowashwa. Sijamwambia mtu."

Akaifunua dari kwa kidole kama mtu afunuaye kawa juu ya chakula, na mchana ukakunjwa kando, na wale wawili wakaona giza la kabla ya nyakati, na nyota ya kwanza ikitetemeka, na ya pili ikiitikia, kisha mbingu nzima ikashika nuru, nao wakatokwa na machozi bila kujua.

"Mmeona?" jini akauliza, kwa woga.

"Tumeona," wakasema.

Akacheka hadi nyumba ikatikisika, na herufi zote zikarudi kama njiwa jioni, na jini akatoweka.

Sultani aliposomewa habari hii akampa Msabaha jumba na bustani. Lakini wazee wa baraza walicheka, wakasema huu ndio uongo wake bora.

"Nani mwingine ataniamini ila wewe?" Msabaha akamwambia Bi Zamzam. "Niolewe nawe, au vipi inavyosemwa."

"Unioe, ndivyo inavyosemwa. Hata posa yako nikusahihishie?"

Wakaoana kwa ngoma na pilau, wakaishi kwa neema. Na funzo lake ni hili: asimuliaye ajabu haombi sana asadikiwe, aomba asiwe ameiona peke yake.