Mchwa Hana Mkwe

Mchwa hana mkwe. Mmeisikia leo mkacheka, na siwalaumu, maana hamjui ilikotoka. Kaeni niwaeleze, kisha anayetaka kucheka acheke.

Kule Magoma, enzi za mkonge, palikuwa na seremala aliyeitwa Sempombe. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amepoteza watoto wawili njiani, akibebwa kwa machela kupelekwa hospitali, na mara zote mbili mtoto hakungoja wafike. Mimba ya tatu ilipoingia, Sempombe alikula yamini kwamba huyu hatazaliwa porini. Alitaka gari.

Baba mkwe wake, mzee Kihiyo, alikuwa nalo, kuukuu, aliloachiwa na meneja wa shamba. Bodi lake lilikuwa la mbao: nguzo za milango, fremu ya paa, sakafu, na bati jembamba limepigiliwa juu. Wakakubaliana Sempombe atoe mbao zote za mninga alizokuwa amezikausha kwa miaka sita.

Siku ya kulitazama, injini iliwashwa, ikanguruma vizuri. Lakini seremala hanunui mngurumo. Mbao hugongwa, usikie kama ndani mna kitu au mna uwazi. Huchomwa patasi kule chini maji yanakotuama, na mlango hufunguliwa ukanyanyuliwa, uone kama bawaba zinacheza. Sempombe aliyajua hayo kama anavyojua jina lake. Na jicho lake lilikuwa limekwisha kuona, kwenye mguu wa nguzo ya mlango wa nyuma, uzi mwembamba wa udongo unapanda, njia ya mchwa. Mkono ukaenda mfukoni, kwenye patasi ndogo. Mzee Kihiyo alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, anamtazama. Kuchokonoa mali ya mkwe ni kumwita mkwe tapeli. Sempombe aliona haya, akautoa mkono mtupu, akashukuru.

Uchungu ulimshika Mwanahawa asubuhi moja ya masika. Mumewe akampakia, akaendesha pole pole mpaka korongoni. Gari lilipoingia shimoni, nguzo ile ikakatika, ndani mna udongo mtupu. Mlango ukaanguka, na bodi lote likalalia gurudumu. Alilisukuma, akalinyanyua kwa bega, akaita mpaka sauti ikamkauka. Njia nzima haikuwa na mtu. Mtoto alizaliwa pale pale, wa kiume. Hakulia.

Baada ya maziko mzee Kihiyo alikuja, akaketi kizingitini.

"Mwanangu, mimi ni karani wa mizani, mbao sizijui," alisema. "Nilikuwa nangoja wewe fundi uligonge. Ulipokaa kimya, nikajua ni zima."

"Niliuona udongo wa mchwa, baba."

"Uliuona?"

"Niliuona. Nilikuonea haya."

Mzee alijifunika uso kwa mikono. Angeambiwa neno moja tu, angelitia gari lile kiberiti kuliko kumpandisha binti yake.

Mwanahawa alikuwa chumbani, ameyasikia yote. Maziwa yalikuwa yanamtoka bure, kanga imelowa. Hakumlaumu baba yake wala mumewe. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Mchwa hana mkwe." Wakamsikia wote wawili, wakainamisha vichwa. Mimba nyingine hakuipata tena maishani mwake.

Hiyo ndiyo asili yake. Wanaume wawili waliheshimiana kama inavyopasa, kila mmoja akimchelea mwenziwe, na aliyezikwa kwa sababu ya heshima hiyo ni mtoto asiye na jina. Ukikiona kibovu mikononi mwa unayemstahi, kitaje, hata kama midomo inakutetemeka. Mchwa hana mkwe.