Swali la Tisa

Wahenga waliosema mficha uchi hazai hawakuwahi kujaza fomu ya bima, lakini walimjua binadamu. Walimaanisha kwamba anayeona haya kumweleza shida yake mtu awezaye kumsaidia, hubaki nayo shida hiyo. Eustakia, afisa ugani wa kata ya Nyakisasa wilayani Ngara, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Kuijua ni jambo moja, kuifuata ni jingine.

Alikuwa amepata ufadhili wa kusomea sayansi ya mbegu nchini Hungaria kwa miaka miwili, na furaha ilimjaa mpaka usingizi ukamkimbia. Mwezi mmoja na nusu kabla ya safari alikwenda Ngara mjini kununua simu na kukata bima ya afya, kwani bila hati ya bima asingepewa viza.

Alianzia kwa Gidioni, mtoto wa mjomba wake, aliyekuwa fundi na muuzaji wa simu. Macho yake yalitua kwenye simu moja nyembamba yenye kung'aa.

"Hiyo iache, dada," Gidioni alisema. "Kwanza niambie, simu ngapi zimekufia mkononi?"

"Tatu," Eustakia alijibu akicheka. "Mbili niliziangusha, moja ikatumbukia kwenye ndoo ya maharage. Na kuchaji nasahau."

"Basi chukua hii nene. Kioo chake kigumu, betri yake inakaa siku mbili, na ina laini mbili: ya huko, na ya hapa ya kumpigia mama yako, shangazi yangu."

Haikuwa nzuri machoni, lakini ilimfaa. Aliinunua, akavuka barabara hadi ofisi ya Mzee Danstan, wakala wa bima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, binti."

Mzee Danstan alivaa miwani, akamsomea maswali ya fomu moja baada ya jingine. Walipofika la tisa alimtazama usoni. "Una ugonjwa wowote wa muda mrefu? Pumu, kisukari, presha?"

Pumu alikuwa nayo tangu utotoni, ila nyumbani kwao neno hilo halikutamkwa. Mama yake, Yuster, alimfundisha kusema kifua kimebana kwa baridi, kwa sababu watu wa posa hupitia kwanza kwa majirani kuuliza ukoo una magonjwa gani. Tena Eustakia aliogopa kwamba akisema kweli atanyimwa bima, na masomo yatamponyoka.

"Sina," alisema.

"Ukificha, siku ukiugua hawatalipa hata senti," Mzee Danstan alimwonya.

"Sina, mzee." Alitia saini, na fomu ikawekwa kwenye jalada kusubiri kutumwa Jumatatu.

Jumapili, jumuiya ndogo ndogo ya kanisa ilikusanyika kwao kumwombea safari njema. Kuni za mkaratusi zilikuwa mbichi. Eustakia alikuwa jikoni akigeuza ndizi pale moshi ulipomzidi. Alitoka akipepesuka, pumzi imekata, kifua kikipiga miluzi mbele ya wageni wote. Inhela yake, kichupa cha kuvuta dawa, ilikuwa imefichwa ndani ya sanduku, na Yuster kwa kiwewe akawa anahangaika na ufunguo.

Mama Thobias, mwenyekiti wa jumuiya, yule ambaye Yuster aliuogopa mdomo wake kuliko midomo yote ya kijiji, alipekua pochi yake akatoa inhela. "Vuta, mwanangu. Vuta tena. Polepole."

Pumzi ilirudi. Yuster alipigwa na butwaa. "Kumbe na wewe unayo?"

"Mwaka wa kumi na nane huu," Mama Thobias alijibu. "Nilikuwa nawaficha ninyi."

Wageni waliangua kicheko, na Yuster naye akacheka, ingawa uso ulimwiva kwa aibu. Gidioni, aliyekuwa miongoni mwao, hakucheka. Alimfuata Eustakia alipokuwa amepumzishwa, akamuuliza kuhusu fomu ya bima, naye akaungama kwamba pumu hakuitaja.

"Dada," Gidioni alisema, "mimi ulinieleza udhaifu wa mkono wako, ukapata simu inayokufaa. Mzee Danstan ukamficha udhaifu wa kifua chako. Simu ikivunjika huko utanunua nyingine. Wewe je?"

Maneno hayo yalimchoma. Jumatatu asubuhi alimtangulia Mzee Danstan ofisini, akasema kweli yote. Ilibidi alete barua ya daktari, kisha asubiri siku tisa roho ikiwa juu juu. Jibu lilipokuja, bima ilikubaliwa kwa nyongeza ndogo ya malipo, pumu ikiwamo. Alilia kwa furaha palepale.

Januari, baridi ya Hungaria ilimkaba kifua mpaka akapelekwa hospitali. Mhudumu wa mapokezi alimuuliza kama ugonjwa huo alikuwa nao kabla ya kuja. "Ndiyo, tangu utotoni," alijibu bila kutetereka. Hati ya bima nayo ilisema hivyo hivyo, wakampokea. Siku ya tatu aliruhusiwa, hadaiwi chochote, na wiki iliyofuata alikuwa darasani.

Alimpigia mama yake.

"Jumuiya nzima tumekuombea," Yuster alisema.

"Umewaambia naumwa nini, mama? Kifua kimebana kwa baridi?"

"Pumu. Nilisimama nikasema, mwanangu ana pumu, na mimi ndiye niliyemfundisha kuificha. Basi wakasimama wengine wanne, kila mmoja akataja ugonjwa wake. Kesho Mama Thobias anatupeleka zahanati sote."

Eustakia alijifuta machozi. Ama kweli, mficha uchi hazai.