Jioni ya Kioo

Mtu akijikwaa kidole huruka kwa mguu mmoja, hulitukana jiwe, hujifunga kitambaa, na baada ya siku chache anatembea kama kawaida. Ulimi ukijikwaa, anayeumia ni mwingine, na kitambaa cha kufungia jeraha hilo bado hakijashonwa. Maren Tollefson alijifunza hayo katika Chuo cha Wendham, na somo lenyewe lilimgharimu mwalimu wake.

Wendham ni chuo kidogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Ohio, kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya maktabani, bwenini wanampa pole. Profesa Edith Vandersloot ndiye aliyekuwa idara nzima ya Kilatini: mwalimu yeye, mkuu wa idara yeye, wa kufuta ubao yeye. Umri wa kustaafu ulikwisha kumpita, na wakubwa wa chuo walikuwa wakingoja aondoke ili waifunge idara ile. Alikataa kuondoka kwa sababu moja tu, nayo ni Maren.

"Nitakufikisha mwisho," alimwambia. "Ukimaliza mwaka wa nne, ndipo nami niende nikapalilie waridi zangu."

Maren hakuwa na ndoto nyingine ila kuhitimu katika Kilatini, tena mikononi mwa mama huyo.

Darasani Profesa alikuwa na mtindo wake. Hakuwa mtu wa kumaliza sentensi. "Jemadari akauvuka mto," angesema, "na tangu hapo hakuweza tena… hakuweza tena…" Kisha angeinua nyusi na kusubiri, na darasa lingejibu kwa sauti moja: "Kurudi!" Vizazi na vizazi vya wanafunzi vilijaza mapengo yale. Mwaka ule wa tatu wa Maren mapengo yaliongezeka, na wanafunzi wakadhani mama wa watu amezidisha mbwembwe.

Sasa, kila mwezi wa Mei, wahitimu wa zamani wanaporudi kukitembelea chuo chao, wanafunzi wa mwaka wa tatu huandaa Jioni ya Kioo katika ukumbi wa chakula. Walimu huigizwa jukwaani, na wao wenyewe wamekaa mstari wa mbele. Mwalimu aliyeigizwa husimama, husema neno moja tu, "Nimejiona," kisha hupewa kipande cha pai ya cheri. Asiyeigizwa hununa hadi Krismasi.

Maren alikuwa na kipaji cha kuiga watu, na hakuna aliyeshangaa alipomchagua Vandersloot. Alifanya mazoezi bwenini mbele ya Odalys Ferreira, msichana aliyelala naye chumba kimoja. Odalys aliucheka ule mwendo wa haraka haraka wa Profesa, akalicheka na sweta lililofungwa vifungo upande. Maren alipofika kwenye mapengo, kicheko kikamkauka.

"Hapo pa kusahau paache," alisema.

"Paache? Hapo ndipo penyewe! Bila mapengo si Vandersloot, ni bibi yeyote tu na sweta lake."

"Basi weka moja, upite. Usikawie hapo, Maren. Nakuomba."

"Kwani kuna nini? Una siri gani wewe?"

Wakati wa baridi Odalys alikuwa amemkuta Profesa mbele ya mlango wa ofisi yake mwenyewe, theluji imemjaa mabegani, akiuliza ofisi ya Profesa Vandersloot iko wapi. Akili ilipomrudia, Profesa alimwapisha asimwambie mtu.

"Sina siri yoyote. Nimekwambia tu."

"Umeanza uzee mapema, mwenzangu," Maren alimtania. "Haya, moja tu. Nakuahidi."

Jioni yenyewe ilipofika, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Maren aliingia na sweta lake, na kabla hajatamka neno watu walikuwa wameanza kucheka. "Na tangu hapo hakuweza tena…" alisema, akainua nyusi. Wahitimu wa zamani, wenye vipara na vitambi vyao, walisimama wote wakajibu, "Kurudi!" Mmoja wao akapaza sauti, "Hajabadilika mama huyu!" Profesa naye alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi.

Lau Maren angeishia hapo, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Makofi yalimlevya, akaweka pengo la pili, na la tatu, na kila pengo lilichekesha kuliko lililotangulia. Mwishowe akasogea ukingoni mwa jukwaa, akayazungusha macho ukumbini kama aliyepotea, akashika vifungo vya sweta na kusema maneno ambayo hakuyafanyia mazoezi hata siku moja.

"Samahanini, wanangu. Mimi ni Profesa… Profesa… Hebu nisaidieni. Naitwa nani vile?"

"Vandersloot!" ukumbi mzima uliitikia, watu wakivunjika mbavu.

Odalys alijifunika uso. Kule mbele Profesa hakuwa akicheka tena. Alisimama ameshikilia kiti, maana mila ni mila, na watu wakanyamaza wamsikie.

"Nimejiona," alisema.

Pai hakuigusa. Alitoka akipita katikati ya meza, na umati ukampigia makofi ukidhani huo nao ni mchezo.

Nyuma ya pazia, Odalys alimweleza Maren yote huku analia. Maren hakulala. Asubuhi alikimbilia ofisini, akamkuta Profesa akipanga vitabu katika maboksi.

"Profesa, naapa sikujua! Sote tulidhani ni ule mtindo wako."

"Najua, mwanangu. Mtindo ule umenisitiri sana. Nilidhani utanisitiri mwaka mmoja zaidi." Alikiweka kitabu chini. "Jana ulipouliza jina langu, nami nilikuwa nalitafuta, sikulipata. Nikasikia watu wanalitaja, nikashukuru. Kisha nikaona aibu, kwamba nimeshukuru. Mtu akifika hapo, hasimami tena mbele ya darasa."

"Lakini ulisema utanifikisha mwisho."

"Nilisema," alijibu Profesa kwa upole, akaendelea kupanga vitabu vyake.

Idara ya Kilatini ilifungwa kiangazi kile. Maren alihamia historia, akaandika tasnifu ambayo hakuipenda, chini ya mwalimu asiyemjua vizuri. Wengine walimsifu bado kwa igizo lile, na kila sifa ilimchoma. Alitamani mtu amtukane, lakini hakupatikana wa kumtukana.

Siku ya kuhitimu, walimu wa Wendham hujipanga pande mbili za njia, na wahitimu hupita katikati wakipigiwa makofi. Profesa Vandersloot aliletwa na mpwa wake, akasimama mwisho wa mstari na joho lake jeusi. Maren alipomfikia, alisimama. Profesa akamshika mikono yote miwili, akatabasamu.

"Hongera sana," alisema. "Hongera sana…" Akainua nyusi, akasubiri.

Maren naye alisubiri, akiomba moyoni huo uwe ule mtindo wa darasani. Nyusi zilishuka polepole, na macho ya Profesa yakabaki yanamtazama kwa wema, kama mtu anavyomtazama mgeni. Darasa la kujibu halikuwepo.

"Maren," alijibu mwenyewe. "Naitwa Maren, Profesa."

"Jina zuri," alisema Profesa, akamwachia mikono na kuanza kumpigia makofi aliyefuata.

Maren alishika njia na joho lake, machozi yakimtiririka, na wazazi waliomwona walidhani analia kwa furaha. Ama kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.